Mwalimu na Watu wa Nyumba Kubwa

Mwalimu alikuwa na tabia moja iliyonikera tangu siku ya kwanza: alisoma kitabu kuanzia mwisho. Pale soko la Lewisham, London, kulikuwa na meza ya vitabu vya mitumba, kando ya muuza mihogo na viazi vitamu, na kila Jumamosi angesimama hapo katika koti lake la kahawia lililofungwa vifungo mpaka kidevuni. Anachomoa kitabu, anafungua ukurasa wa mwisho, anausoma wote bila haraka, halafu ndipo anaamua. Kama mambo yaliisha vibaya, kitabu kilirudi mahali pake. Kama yaliisha vizuri, na hasa kama palikuwa na harusi au chai, kiliingia mfukoni.

"Utamu wote umeumaliza hapa hapa," nilimwambia. "Sasa nyumbani utasoma nini?"

"Nitasoma walivyofika," alisema. "Kwamba wamefika nimeshahakikisha. Mimi sipendi safari na watu nisiojua kama watarudi."

Vitabu alivyovipenda vilikuwa vya aina moja tu: riwaya za Kiingereza za kuchekesha, za zamani, zile za nyumba kubwa za mashambani, shangazi wenye kofia, vijana wasio na kazi yoyote duniani, na mchungaji anayekuja kunywa chai akajikuta amefungiwa stoo. Alivisoma kwenye basi, alivisoma akingoja treni. Alikisoma kimoja hospitalini akipimwa presha, na nesi ikabidi amwombe akiweke kando kwa sababu namba zilikuwa zinapanda na kushuka.

Mwanamke huyu sote tulimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Ninaposema sote ninamaanisha kundi letu la Waswahili la kila Jumapili, Wakenya wengi, Wakongo wa mashariki, na Watanzania wawili watatu, tuliokutana baada ya ibada katika ukumbi wa shule ambao kanisa lilikuwa limeukodi. Miaka hiyo ya tisini hatukuwa na ndugu wengine London. Alikozaliwa na ukoo wake nitayaacha. Mwenyewe hakupenda kuulizwa. Alikuwa amefundisha Kiingereza Kenya mpaka akastaafu, akaja kumsaidia binti yake kulea watoto, kisha binti na mumewe wakahamia mji mwingine, naye akabaki na chumba chake kimoja karibu na hospitali na kazi ya kutunza wazee.

Alikuwa mkali, sitaki kumpamba. Watoto wetu waliozaliwa London wanasikia Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza, nasi wazazi tulikuwa tumeshachoka kupigana nao. Mwalimu hakuchoka. Aliuliza swali kwa Kiswahili, mtoto akajibu kwa Kiingereza, naye akakunja mikono akasubiri. Angeweza kusubiri dakika tano nzima, hasemi neno, hakasiriki, mpaka mtoto akatafuta neno la Kiswahili mahali alipolificha. Siku moja tukiwa kituo cha basi akatokea mwanamume wa miaka arobaini hivi, mnene, na mkoba wa ofisini. Alipomwona Mwalimu aliitupa sigara yake mfukoni mwa koti, ikiwa bado inawaka. Alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la sita. Alisimama wima, akajibu maswali yote kuhusu mkewe na kanisa lake, huku moshi ukimtoka ubavuni. "Nenda, koti lako linaungua," Mwalimu alimwambia hatimaye, na yule bwana mzima akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akaondoka mbio.

Sasa mtu kama huyo alivipendea nini vitabu vya upuuzi? Nilimuuliza mara nyingi, kwa sababu mimi nami nina mdomo. Nilimwambia wale watu wa nyumba kubwa walikuwa wanakula jasho la babu zetu. Nani aliwapa muda wa kukaa bustanini wakibishana juu ya kofia? Nani alikuwa anachuma ile chai?

"Sukari yao najua ilikotoka, na chai pia," alisema. "Unadhani nimesahau? Lakini mwenye kitabu hakuficha kitu. Amekuonyesha watu ambao, wakipewa mali yote ya dunia na muda wote wa dunia, wanashindwa hata kumwambia mgeni aondoke. Nani mwingine amewahi kuwasema vile? Wewe ukiwakasirikia, wanajiona wakubwa. Mimi nawacheka."

Halafu akaongeza jambo ambalo mimi hulirudia hadi leo. "Waingereza wa vitabuni ni watu wa kwetu. Wa kwenye basi ndio siwajui." Na kweli, alipoanza kueleza, niliwaona. Yule shangazi anayepanga ndoa za ukoo mzima na kukasirika zisipofuata ratiba yake, si ndiye kila mwenyekiti wa kamati ya harusi niliyewahi kukaa mbele yake? Yule mjomba anayejificha nyuma ya nyumba wageni wakija, kwetu tunaye. Na ule mtindo wa kusimulia jambo la kijinga kabisa kwa uso wa mtu anayesoma hati ya mahakama, Mwalimu alisema aliujua tangu utotoni: hivyo ndivyo wazee wa posa wanavyozungumza, wanazunguka saa nzima juu ya jogoo aliyepotea, hakuna anayetabasamu, na kila mtu anajua wanamzungumzia msichana.

Lakini hakuanza kuvipenda mwenyewe. Aliyemwingiza ni mzee wa Kiingereza aliyekuwa anamtunza. Alikuwa mfanyakazi wa reli aliyestaafu, mjane, macho yake yamekwisha, akiishi katika nyumba nyembamba si mbali na stesheni. Mwalimu alimwita "Mzee wangu". Kazi ilikuwa kumpikia, kumwogesha na kumpa dawa. Wiki ya pili Mzee akamwomba amsomee. Kabati lake lote lilikuwa la riwaya hizo.

Mwalimu akasoma alivyojua kusoma, yaani kama anavyosoma imla darasani. Sauti moja, wazi, nzito, akitua kwenye kila nukta, kila mkato ukipewa haki yake. Mzee akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa, na Mwalimu akasimamisha kitabu akamletea maji. Alidhani anachekwa lafudhi yake, akaudhika sana, lakini kazi ni kazi, akaendelea kwa ukali zaidi, na Mzee akazidi kucheka. Mwishowe Mzee akamwambia kwamba katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumsomea vitabu vile vizuri hivyo, kwa sababu wengine wote walikuwa wanacheka kabla yake.

Ilimchukua wiki tatu yeye mwenyewe kukamatwa na kicheko. Walikuwa katika kitabu cha mjomba mwenye saa za ukutani. Mjomba huyo ana saa kumi na nne, hakuna hata mbili zinazokubaliana, na hataki yoyote irekebishwe kwa kuwa kila moja ni urithi. Hivyo katika nyumba ile chakula cha jioni huandaliwa mara nne, na mchungaji, ambaye ni mtu wa adabu, amekula mara zote nne. Mwalimu aliniambia alifika katikati ya sentensi, sauti ikamkatikia. Akajaribu tena, ikamkatikia tena. Wakakaa pale, yeye na Mzee, kila mmoja na leso yake, na supu ikaungua jikoni.

Mzee nilimwona kwa macho yangu, na kabati lake la vitabu pia, kwa sababu nilimshikia Mwalimu zamu wiki moja alipokuwa na mafua. Ndiyo maana nilijua kitu ambacho wenzetu wa Jumapili hawakukijua.

Kazi ya kutunza watu ina sheria, na ya kwanza ni kwamba mambo ya mteja hayatoki nje. Ejensi, yaani ofisi iliyotupatia kazi, walitusomea hayo siku ya kwanza, tukaweka sahihi. Wengi wetu tulisaini na kusahau. Mwalimu hakusahau. Lakini kwetu, mtu akikuuliza habari za kazini huwezi kumjibu kwa kunyamaza, ni kama kumfungia mlango. Kila Jumapili, chai ikimiminwa, wanawake walimuuliza, "Mwalimu, habari za kwa Mzee?" Naye, ili asivunje sheria na asivunje adabu, aliwaambia kitabu kimefika wapi.

"Yule kijana bado ana taabu," alisema. "Amechumbia msichana wa tatu. Hakukusudia, ila hajui kukataa. Na shangazi yake anakuja Alhamisi."

Hakutaja majina, kwa kuwa majina yale marefu ya Kiingereza yangewachosha tu. Alisema yule kijana, shangazi, mjomba wa saa. Yeye alidhani kila mtu anaelewa kuwa ni hadithi. Alikuwa mwalimu, na mwalimu hudhani darasa limeelewa. Wao walielewa kwamba Mzee ana ukoo, tena ukoo wenye matatizo makubwa. Kwa nini wasielewe hivyo? Kila mmoja wetu alikuwa amewahi kufanya kazi katika nyumba ya Mwingereza akaona mambo ya ajabu kuliko hayo.

Katika kundi letu alikuwapo mama mmoja wa Bukavu, Kongo, tuliyemwita Mama Pascal. Alikuwa mfagiaji katika maofisi ya Stratford, mtu wa maneno machache, mwembamba, anayekaa karibu na mlango. Pascal alikuwa mtoto wake wa kwanza. Vita vilipowafukuza nyumbani walikuwa wanatembea kwa miguu na watu wengi, yeye na mabinti wawili wadogo mbele, kijana nyuma na mzigo, na mahali fulani njiani alipogeuka hakumwona. Alikuwa na miaka kumi na saba. Tangu hapo hakuna habari, ya uzima wala ya kifo. Na sisi, kwa desturi yetu ya kumwita mama kwa jina la mwanawe, tulimtaja Pascal kila tulipomwomba mama yake atupitishie sukari.

Jumapili moja tulipofika kwenye mahitaji ya maombi, Mama Pascal, ambaye hakuwahi kuomba kwa sauti, alisimama. "Baba, tunakuomba kwa ajili ya ule kijana wa kwa Mzee," alisema. "Hana nguvu ya kukataa. Umutoe mu ile shida ya mabibi watatu. Na Pascal wangu, Baba, popote iko, umurudishe."

Nilifumbua macho. Mwalimu naye alikuwa amefumbua ya kwake. Tulitazamana juu ya vichwa vilivyoinama.

Angesema siku ile ile, yangeishia kwenye kicheko. Nilimwambia hivyo tukitoka. Akakubali, akasema atasema Jumapili ijayo. Lakini wiki ile, katika kitabu, msichana wa kwanza alimwacha kijana kwa hiari yake akaolewa na daktari wa farasi, na Jumapili Mama Pascal akamuuliza Mwalimu mlangoni kabla hata ya kuvua koti, "Na ule kijana? Kumekuwa nini?" Mwalimu akamwambia. Nilimwona Mama Pascal akifunika mdomo kwa mikono miwili. "Mungu anajibu," alisema. "Munaona? Miye nilifunga siku tatu juu yake. Akijibu ya ule, atajibu na yangu." Siku hiyo alikuja kukaa katikati yetu, akala mandazi mawili.

Hapo Mwalimu akashindwa. Mwanamke aliyeweza kusubiri dakika tano ili mtoto aseme "maji" badala ya kusema kwa Kiingereza, mwanamke aliyewarudishia wenye duka senti walizozidisha, akaendelea kutoa habari za watu wasiokuwapo kwa muda wa miaka miwili. Kitabu kiliisha, akaingiza kingine, na kwa kuwa hapakuwa na majina, watu walibaki kuwa wale wale. Shangazi alianguka kisimani akatolewa. Mjomba alipoteza saa akaipata. Daima waliokolewa, maana Mwalimu alikuwa ameshahakikisha kwenye ukurasa wa mwisho, na kila walipookolewa Mama Pascal alinyanyuka kidogo zaidi. Alianza kucheka. Alianza kuwauliza tena Msalaba Mwekundu, wanaotafuta watu waliopotea vitani, baada ya kuacha. Alisema usingizi umerudi.

"Nikimwambia ukweli, namwondolea nini yule mama?" Mwalimu aliniuliza siku moja jikoni kwangu.

"Na akiujua mwenyewe?"

Mwalimu aligeukia sinki. Aliosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshaoshwa. Nami pia sikusema kitu kwa mtu yeyote, na sijivunii.

Mzee alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, majira ya baridi, akiwa amelala. Mwalimu alilia kama mtu aliyefiwa na ndugu. Sisi tulifanya tunachofanya: tulipanga kwenda msibani. Hakuna aliyemuuliza Mwalimu, mfiwa haulizwi. Asubuhi ya mazishi wanawake kumi na mmoja walijazana jikoni kwangu na sufuria za pilau, chapati zimefungwa kwenye taulo, chai ya maziwa kwenye thamosi tatu, na basi dogo limesimama chini linatungoja. Mama Pascal alikuwa amepiga pasi kitenge chake cha mazishi. Alikuwa amejifunza sentensi mbili za Kiingereza ili amwambie yule kijana pole, na nyingine moja kwa shangazi.

Mwalimu alipoingia na kuona masufuria, alisimama mlangoni.

"Tumeweka na sahani za shangazi na mjomba kando," mmoja wetu alimwambia. "Hawali pilipili, sivyo?"

Mwalimu akaketi kwenye kiti cha karibu, koti bado mwilini. "Shangazi hayupo," alisema.

"Amekwenda wapi na mtu amekufa?"

"Hayupo, ndugu zangu. Hakuwahi kuwepo. Wala mjomba. Wala kijana. Hao ni watu wa vitabuni. Mzee alikuwa haoni, nilikuwa namsomea vitabu, na mlipokuwa mkiniuliza habari za kazini nilikuwa nawaambia ya kitabu. Mzee hana mtu, isipokuwa mtoto wa dada yake mmoja wa mbali. Nilipaswa kuwaambia zamani. Nilikosa. Nisameheni."

Mkenya mmoja akaanza kucheka, akashika meza, na wote wakamfuata, wanawake wazima wanapigana makofi mgongoni, wakikumbushana jinsi walivyofunga kula kwa ajili ya mchungaji aliyefungiwa stoo. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Mama Pascal peke yake hakucheka.

"Hata ule kijana?" aliuliza.

"Hata yeye, mama."

"Basi Mungu, aliposikia maombi yangu, alikuwa anatafuta nani? Nimemutuma kutafuta mutu haiko." Aliangalia mikono yake. "Na Pascal wangu nilimuweka pamoja nabo."

Kicheko kilikufa. Alivua aproni, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka mezani, akatoka. Mwalimu alimfuata mpaka kwenye ngazi. Nilisikia akimwita mara mbili, kisha nikasikia mlango wa chini.

Tulikwenda, kwa sababu chakula kilikuwa kimepikwa na Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa kweli. Katika kile kikanisa cha kuchomea maiti walikuwapo yule mtoto wa dada, majirani wawili, na sisi kumi na wawili, pamoja na Mwalimu na mimi. Tuliimba kwa sauti nne. Yule mtoto wa dada, mama wa Kiingereza wa makamo, alitushika mikono mmoja mmoja, akala pilau amesimama kwenye maegesho huku machozi yanamtoka, akauliza mjomba wake alitujuaje. Tulimwongezea pilau. Mwalimu hakuimba, wala hakula.

Mama Pascal hakurudi kwenye ukumbi. Mwalimu alikwenda mlangoni kwake kila Jumamosi, hakufunguliwa. Pale sokoni aliipita meza ya vitabu bila kugeuza shingo. Vitabu vya Mzee aliachiwa yeye, akaviweka vyote kwenye maboksi chini ya kitanda, akaniambia chumba chake kina vumbi la kutosha bila kuvitoa. Nilipopata kazi ya hospitali upande wa Hounslow nikahama, na London, ukihama upande, ni kama umehama nchi. Tulipigiana simu Krismasi, halafu tukapigiana baadhi ya Krismasi. Niliposikia kuwa anarudi Kenya moja kwa moja, nilipanda treni mchana mmoja wa Jumamosi bila kumwambia, kwa aibu ya kukaa muda mrefu bila kumwona.

Aliyenifungulia mlango alikuwa Mama Pascal.

Alikuwa amenenepa kidogo. Alinikumbatia, akaweka kidole mdomoni, akanivuta ndani. "Ikala," alisema, akinisogezea kiti. "Banafika kwa meza."

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, miwani juu ya paji la uso, mikono mitupu. Maboksi yalikuwa yamefungwa kamba tayari kwa safari. Alinitikisia kichwa kama anavyomfanyia mwanafunzi aliyechelewa, akaendelea kwa ile sauti yake ya imla. Kijana alikuwa amefika nyumba kubwa. Alikuwa amekosa treni zote kwa sababu alifuata saa ya mjomba. Alikuwa amelowa mvua, viatu vimejaa tope mpaka ndani, na mzigo wake ameubeba begani. Aliogopa mlango wa mbele, akapita wa jikoni. Na shangazi alikuwapo jikoni, na kofia yake.

"Shangazi akamtazama toka juu mpaka chini," Mwalimu alisoma bila kitabu. "Akamwambia: Pascal, unachafua sakafu."

Nilimgeukia Mama Pascal. Alikuwa anamtazama Mwalimu mdomoni.

"Kijana akaomba radhi. Akaletewa mayai."

"Mayai hapendi," Mama Pascal alisema.

"Samahani. Akaletewa samaki."

"Samaki ndogo, ya kukauka. Na ugali wa muhogo."

"Mama, shangazi ni Mwingereza, atautoa wapi muhogo?"

"Sokoni Lewisham."

Mwalimu akakubali. Shangazi alivaa kofia nyingine, ya sokoni, akaenda kununua muhogo, akagombana na muuzaji juu ya ukubwa, na mchungaji akabebeshwa mfuko. Mama Pascal alicheka mpaka akapangusa macho kwa kanga. Baadaye aliniambia, tulipokuwa tunatengeneza chai, kwamba ni yeye aliyekuja kugonga mlango huu, baada ya miaka mingi, akauliza swali moja tu: yule anayeandika, ndiye anayejua nani atafika? Mwalimu akasema ndiyo. "Nikamwambia, basi weye unajua kusoma. Mufikishe wangu." Nilitaka kumuuliza kama Msalaba Mwekundu walikuwa na habari yoyote. Alitikisa kichwa kabla sijafungua mdomo, akanipa trei niibebe.

Mwalimu alitungoja. Kijana alikuwa amemaliza samaki. Wageni walikuwa wanaingia chumba cha kulia, mjomba alikuwa analeta saa zake, na kulikuwa na msichana wa kumtambulisha. Katika vitabu vile hapo ndipo vurugu huanza. Mwalimu akavuta pumzi.

"Ameshiba?" Mama Pascal aliuliza.

"Ameshiba."

"Basi wale wageni bangoje inje. Muache alale, Mwalimu. Ametembea sana."